Tuchague Kipimaji kwa Siku ya Giza



Katika ukurasa huu wa usalama na afya mmezoea kusoma habari za kofia ngumu, viatu vya kazi, vumbi la mawe, chandarua na maji ya kuchemsha. Hayo yote yanabaki kuwa ya lazima. Lakini leo naomba mnisikilize juu ya kitu kidogo kuliko ukucha wa mtoto, ambacho hata hivyo kinaanza kukabidhiwa maisha yetu. Ni chipu ya redio iliyo ndani ya kipimaji kisicho na waya.

Mtaniuliza: mganga msaidizi ana habari gani na mambo ya mafundi wa umeme? Jibu langu ni kwamba kipimaji ni mlinzi wa zamu ya usiku. Mlinzi akilala, au akifa kwa njaa langoni bila mtu kujua, wanaoletwa kwangu kwa machela si mafundi wa umeme peke yao. Ni wote.

Vipimaji hivi ni vyombo gani?

Siku hizi makampuni ya madini huweka vyombo vidogo vya kupima kwenye kuta za mashimo, juu ya vilima vya mabaki, kando ya pampu na feni, na hata ndani ya friji ya chanjo katika dispensari. Kimoja hupima joto, kingine hewa yenye sumu, kingine huangalia kama ukuta umeanza kuinama. Havina waya, kwa sababu waya hukatwa na malori na, tuseme kweli, nyingine huibwa kwa ajili ya shaba yake. Vingi havitaki hata betri ya kubadilisha, maana nani atapanda kila ukuta kubadilisha betri mia mbili? Basi huvuna umeme wao mahali pale vilipo: katika mwanga wa jua au wa taa, katika joto la bomba, au katika mtetemo wa feni.

Umeme huo ni mchache, kama maji yanayodondoka tone kwa tone. Mara nyingi chipu ya redio ndiyo inayokunywa sehemu kubwa. Ikichaguliwa vibaya, kipimaji hufa kwa njaa, nacho hufa kimya.

Maoni yangu ni haya, wala siyafichi: tusichague chipu kwa umbali inaofika wala kwa bei yake. Tuichague kwa chakula inachokula siku ya giza, na kwa namna tutakavyojua kwamba imekufa.

Nilivyojifunza kwa aibu

Zamani, katika dispensari moja nilikofanya kazi kabla ya kuja hapa, tuliletewa kipimaji cha joto cha kuweka katika friji ya chanjo. Chanjo, kama mjuavyo, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kipimaji kile kilikuwa na kibao kidogo cha jua dirishani na chipu ya Wi-Fi ndani yake, kwa sababu ofisi ilikuwa tayari na Wi-Fi na chipu hiyo ilikuwa rahisi kununua. Mimi mwenyewe nilitia sahihi karatasi ya kukipokea. Nilipoulizwa kama nina swali, niliuliza moja tu: kinafika umbali gani?

Kiangazi chote kilifanya kazi vizuri. Mwezi wa Januari mawingu yakafunika mji. Ijumaa jioni umeme wa mji ukakatika, friji ikasimama, na kipimaji nacho kikaishiwa. Kwenye skrini ya mkubwa wetu ilibaki namba ya mwisho kilichoituma: nyuzi 5, rangi ya kijani. Jumamosi kijani, Jumapili kijani. Jumatatu nilipofungua friji, kipimajoto cha mkono kilionyesha nyuzi 13.

Chanjo zile tuliziondoa zote. Asubuhi hiyo mama walikuwa wamekwisha kupanga mstari, watoto mgongoni. Mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilisimama mlangoni nikawaambia warudi wiki nyingine. Wengine hawakurudi.

Kosa halikuwa la mvua. Mvua hunyesha kila Januari. Kosa lilikuwa letu sisi tuliochagua chombo cha siku ya jua.

Baada ya hapo fundi mmoja wa umeme, mzee wa kazi, alinikalisha jioni tatu akanifundisha kusoma karatasi ya kiwanda inayoandamana na kila chipu. Nikagundua kwamba si uchawi. Ni hesabu ya lishe, hesabu ileile tunayofundisha mama kliniki.

Posho ya kipimaji

Wazee wetu wa migodini walikuwa wakipewa posho ya wiki: unga, maharagwe, samaki, mafuta. Mwenye nyumba aliyekula posho yote Jumatatu alilala na njaa Alhamisi. Kipimaji nacho kina posho yake.

Tuchukue mfano. Kibao cha jua chenye sentimita za mraba 20, karibu ukubwa wa uso wa kisanduku cha viberiti, kimewekwa ndani ya jengo lenye taa za kawaida. Mwanga wa namna hiyo hutoa kiasi cha mikrowati 5 kwa kila sentimita ya mraba. Jumla ni mikrowati 100. Taa zikiwaka saa 10, tunapata juli 3.6. Tuondoe robo inayopotea njiani, inabaki juli 2.7. Hiyo ndiyo posho ya siku nzima.

Kitoe kibao hichohicho nje kwenye jua kali la saa sita. Sasa kinapokea mara elfu mbili au tatu zaidi. Ndiyo sababu mwuzaji hupenda kukuonyesha chombo chake uwanjani mchana. Hapo chipu yoyote hushiba. Usikubali kuonyeshwa hapo tu. Sema: nionyeshe stooni, taa moja, siku tatu.

Maswali matano ya kuuliza

La kwanza: inakula nini ikilala? Kipimaji hulala karibu wakati wote. Huamka kidogo, hupima, husema neno, hulala tena. Kwa hiyo chakula cha usingizini ndicho kizito. Chipu ya nRF52832 ya kiwanda cha Nordic cha Norway hula mikroampea 1.9 ikilala huku saa yake ikienda. Kwa volti 3, siku nzima ni karibu nusu juli. Vizuri: posho inabaki. Chipu ya Wi-Fi inayojulikana sana, ESP8266 ya Uchina, hula mikroampea 20 hivi katika usingizi wake mzito. Ni kidogo machoni, lakini kwa siku ni juli 5.7. Maana yake inamaliza posho mara mbili kabla haijasema hata neno moja! Hapo ndipo nilipoelewa friji yangu.

Tena tuwe macho: namba ya karatasi ni ya chipu peke yake. Ubao unaoibeba unaweza kuwa na taa ndogo nyekundu inayowaka daima. Taa hiyo ikila miliampea 1, imekula mara mia tano kuliko chipu iliyolala kwa mikroampea 2. Mwambieni fundi aing'oe, na apime ubao mzima.

La pili: inakula nini kwa neno moja? Tuseme kipimaji husema kila dakika 10, yaani mara 144 kwa siku. Bluetooth ya nguvu ndogo hutumia chini ya milijuli 0.1 kwa salamu fupi, lakini husikika karibu tu, chumbani au penye njia iliyonyooka. Wi-Fi ni kama mgeni mwenye adabu nyingi: huamka, hutafuta mlango, hubisha, husalimiana, hupewa anwani, ndipo husema. Sekunde 3 kwa miliampea 80 ni karibu juli 0.8. Zidisha kwa 144, ni zaidi ya juli 110. Simu ya mtandao hula zaidi tena.

Ipo namna nyingine iitwayo LoRa, iliyobuniwa Ufaransa na kampuni ya Cycleo mjini Grenoble, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Hiyo hufika mbali kwa umeme mdogo. Lakini sikilizeni vizuri hapa, kwa kuwa ndipo wengi hudanganyika. LoRa ina mwendo tofauti wa kusema. Katika mwendo wa haraka, uitwao SF7, ujumbe wa baiti 20 huchukua sekunde 0.057. Katika mwendo wa polepole wa kufika mbali kabisa, SF12, ujumbe uleule huchukua sekunde 1.3. Kwa chipu ya SX1261 inayokula miliampea 25.5 ikisema kwa sauti ya kati, wa kwanza ni milijuli 5 hivi, wa pili ni milijuli 110. Mara 144 kwa siku: wa kwanza ni juli 0.7, wa pili ni juli 16. Chipu ni ileile, umeme ni uleule, lakini mmoja anaishi na mwingine anakufa.

Kwa hiyo anayesifu kwamba chombo chake kinafika kilomita nyingi amekwambia kwa sauti gani kinafika. Hakukwambia kwa njaa gani. Ni afadhali kuongeza kituo kimoja cha kupokea hapo katikati kuliko kuviacha vipimaji hamsini vikipiga kelele kutoka mbali.

La tatu: je, hunywa kwa funda kubwa? Mikrowati 100 haziwezi kuipa redio miliampea 25 papo hapo. Lazima pawe na mtungi wa kukusanya matone, ndio kapasita kubwa au betri ndogo. Chipu ya SX1262 ikisema kwa nguvu zake zote huvuta miliampea 118. Chipu ya simu ya SIM800 huweza kuvuta ampea 2 kwa kitambo kidogo. Betri ndogo ya sarafu haivumilii funda kama hilo: volti zake huanguka na chipu huzimika katikati ya neno. Kapasita ya faradi 1, ikishuka kutoka volti 3.3 hadi 2, hutoa juli 3.4. Kipimaji kinachokula juli 1.3 kwa siku kitaishi gizani siku mbili na nusu, tena kapasita yenyewe huvuja. Hesabuni wenyewe: mwisho wa wiki bila taa umekwisha kula yote. Atakayewauzia chombo aseme kinaishi siku ngapi bila mwanga, na aandike kwa kalamu.

La nne: kikifa, kinafufuka peke yake? Hili wengi hawalijui. Chombo kilichoishiwa kabisa ni kama mgonjwa aliyekauka maji: huwezi kumpa sahani ya bukari mara moja. Mwanga ukirudi kidogo, chipu mbaya hujaribu kuamka mara, hunywa matone yote, huanguka tena, hujaribu tena. Hufanya hivyo kutwa bila kusimama. Zipo chipu za pekee za kuvuna umeme ambazo humzuia mgonjwa asile mpaka mtungi ufike kiasi. Moja ni AEM10941 ya e-peas ya Ubelgiji, inayoweza kuanza kazi kutoka sifuri kwa volti 0.38 na mikrowati 3 tu. Muhimu kwenu si jina. Muhimu ni kumwona mwuzaji akikimaliza umeme kabisa mbele yenu, kisha akiwashe kwa mwanga hafifu, nanyi mngoje.

La tano, na ndilo kubwa: kikinyamaza, nani atajua? Zamani migodini Uingereza watu walishuka na ndege mdogo ndani ya kizimba. Daktari Haldane ndiye aliyeshauri jambo hilo katika miaka ya 1890, kwa sababu mwili wa ndege hushikwa na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi mapema kuliko wa mtu. Mwaka 1986 Uingereza iliamua kuwaondoa na kuweka vyombo vya elektroni. Lakini ndege yule alikuwa na sifa moja ambayo vyombo vyetu vingi havina: alipoanguka, kila mtu aliona. Hakuna aliyesema, «jana alikuwa mzima, tuendelee».

Kipimaji kizuri lazima kiseme «nipo» hata kama hakuna jipya, na kitume pamoja na kipimo chake hali ya mtungi wake: nina volti 3, nina 2.6, ninaishiwa. Na kituo cha kupokea lazima kiwe na amri hii: nisipomsikia mtu huyu mara tatu, nipige kengele. Namba ya zamani isibaki kijani kwenye skrini. Igeuke nyekundu, au ifutwe.

Kwa ajili hiyo nasema pia neno juu ya vitufe vya EnOcean, kampuni iliyotoka katika Siemens ya Ujerumani mwaka 2001. Kitufe hicho hakina betri wala kibao cha jua: nguvu ya kidole chako ikikibonyeza ndiyo inayozaa umeme wa kutuma ujumbe. Ni kazi ya akili sana. Lakini kitufe kisichobonyezwa hakiwezi kusema «nipo». Kikiharibika, hutajua mpaka siku ya moto. Basi kikiwekwa kwa wito wa hatari, kibonyezwe kila wiki na mtu mwenye daftari mkononi.

Chini ya ardhi mambo ni mengine

Ndugu, namba za umbali katika karatasi za viwanda ni za uwanja mtupu. Jiwe halipishi redio. Katika njia ya chini, mawimbi huenda mbele penye unyoofu, yakifika kwenye kona hudhoofika sana. Kwa hiyo chini ya ardhi afadhali vituo vingi vinavyosema kwa sauti ndogo na kupokezana, kuliko kimoja chenye kelele.

Tena si kila kipimo kinafaa kwa umeme wa kuvuna. Kipimaji cha kaboni monoksidi cha namna ya kikemia hula kidogo sana. Joto na mwinamo nazo hula kidogo. Lakini kipimaji cha methani cha namna ya waya ya moto huweza kula miliwati 200 saa zote, yaani zaidi ya juli elfu 17 kwa siku. Posho yetu ni juli 2.7! Atakayekuambia kwamba kipimaji cha methani cha namna hiyo kitaishi kwa kibao cha kisanduku cha viberiti anakudanganya, au atakiamsha mara chache mno. Na methani haingoji: ikifika kati ya sehemu 5 na 15 katika mia ya hewa, cheche moja yatosha. Sisi wa Haut-Lomami, tunaojua makaa ya mawe ya Luena, tusichezee hapo. Penye gesi ya kulipuka, chombo chochote chenye umeme, hata kidogo namna gani, lazima kiwe na cheti cha usalama wa mahali pa hatari. Chombo alichounganisha kijana hodari mezani kwake ni cha kumsifu, lakini kikae juu, kwenye friji na pampu za nje.

Mambo ya mawimbi nayo yana sheria. Ulaya hutumia megahezi 868 kwa vyombo vya namna hii, Marekani 915. Kongo katika ugawaji wa dunia iko kanda moja na Ulaya na Afrika yote. Chombo kilichonunuliwa kwa soko la Marekani kisiletwe hivi hivi. Waulizwe kwanza ARPTC, mamlaka yetu ya mawasiliano.

Jirani zetu walifanyaje?

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Kuanzia mwaka 2013, katika mradi ulioitwa WIMEA-ICT, watu wa Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Juba, pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, walijenga vituo vya kupima hali ya hewa. Hawakuweka chombo kimoja kikubwa. Walikata kazi vipande: kipimaji kimoja juu ya mlingoti kwenye mita 10, kingine kwenye mita 2, kingine chini ardhini. Hivyo vidogo vilinong'ona kwa redio fupi hadi kituo kimoja, na kituo hicho ndicho kilichobeba mzigo wa kusema na mtandao.

Huo ndio mfano ninaoupenda kwa migodi yetu. Wadogo wanong'one, wale kidogo. Mkubwa mmoja, aliye na umeme wa kweli au kibao kikubwa na betri nzuri, ndiye apige kelele kwa niaba yao. Hata nyumbani si kila mtoto hutumwa sokoni.

Watakaopinga

Mmoja atasema: wekeni betri kubwa, maneno yaishe. Sikatai betri. Penye waya wa umeme uliopo tayari, tuutumie, na betri iwe akiba. Lakini betri nazo huchakaa, joto huziharibu, na kila moja humpandisha mtu ukutani au kumwingiza mahali pa hatari kuibadilisha. Nimewahi kufunga mguu wa mtu aliyeanguka kwa kazi ndogo kama hiyo. Safari tuliyoipunguza ni ajali tuliyoipunguza.

Mwingine atasema: chipu nzuri ni ghali. Ndiyo, mara nyingine huzidi kidogo. Lakini andikeni na hesabu ya upande wa pili: friji moja ya chanjo zilizotupwa, siku moja ya kazi iliyosimama, jeneza moja. Mimi nimeona hesabu hiyo, na haiandikwi kwenye karatasi ya kiwanda.

Wa tatu atasema: haya ni mambo ya mainjinia, si yetu. Kwake nasema: mwinjinia atachagua, ni kazi yake na amesoma. Lakini wewe ndiye utakayelala chini ya ukuta huo. Una haki ya kuuliza maswali matano, na mwinjinia mwema atafurahi ukiuliza. Mimi niliuliza moja tu, tena si lenyewe.

Kazi yetu sote

Mfanyakazi: kibao kidogo cha kipimaji kikijaa vumbi, mwambie kapita, kifutwe kwa kitambaa kikavu. Kipimaji chenye vumbi kina njaa. Usitundike koti juu yake, usiegemeze jembe mbele yake, usikigeuze kutazama ukuta. Kikianguka, usikirudishe kimya kimya. Toa habari.

Kapita na wakubwa wa zamu: ulizeni kila asubuhi si namba peke yake, bali namba ni ya saa ngapi. Namba isiyo na saa ni uongo unaongoja. Na siku moja kila mwezi, funikeni kipimaji kimoja makusudi, mwone kama kengele italia.

Wenzangu wa dispensari: kipimajoto cha mkono kisitupwe. Asubuhi na jioni, soma, andika, tia sahihi, hata siku za Jumapili. Chombo kinasaidia jicho, hakiling'oi.

Mama zetu: mkifika kliniki, mna ruhusa ya kuuliza friji ilikuwaje usiku umeme ulipokatika. Msione haya. Mwuguzi akikujibu vibaya kwa swali hilo, hasira yake ni kwa sababu hajui jibu.

Na vijana mnaopenda vyombo hivi: jifunzeni kusoma karatasi ya kiwanda mpaka mstari wa usingizi. Matangazo huandika umbali kwa herufi kubwa. Mstari wa usingizi uko ndani kabisa, kwa herufi ndogo, na ndimo uhai wa mtu ulimo.

Hapa Kamina siku zetu hazipungui sana mwaka mzima. Jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile. Giza letu ni la mawingu ya mvua, la taa zilizokatika na la shimo lenyewe. Tunalijua, linakuja kila mwaka. Basi tuchague tukilikumbuka.

Kipimaji kinachosema ni msaada. Kipimaji kilichonyamaza ni hatari. Kipimaji kilichonyamaza na skrini ikabaki kijani, hicho ni adui ndani ya nyumba.

Usalama mbele, ndugu zangu. Mwisho wa zamu, sote turudi nyumbani.